Piko si Hina

Binti wa jirani yangu hapa Jang'ombe aliolewa siku ya Ijumaa. Jumatano iliyofuata, fungate haijesha, mama yake alinigongea mlango mara baada ya sala ya alfajiri. "Mwalimu," aliniambia, "njoo unitazamie mikono ya mwanangu."

Nilimkuta bibi harusi ameketi kitandani, mikono ameinyoosha mbele yake kama mtu aliyebeba kitu asichotaka kimguse. Maua aliyochorwa kutoka vidoleni hadi viwikoni yalikuwa yameinuka juu ya ngozi. Kila kikonyo, kila mstari wa jani, kila nukta ilikuwa imegeuka lengelenge lililojaa maji, na malengelenge hayo yalifuata mchoro sawasawa, utadhani mchoraji alirudi usiku akaupitia upya kwa ncha ya moto. Lakini kilichonishughulisha zaidi ni kile kilichokuwa kizima. Ndani ya mistari ile myeusi, penye wekundu wa hina uliojaza maua, ngozi haikuwa na dosari hata moja. Wekundu ulisalimika, weusi ukaungua.

Shangazi mtu alikwisha toa hukumu kuwa ni jicho. Mchoraji alipopigiwa simu alisema ngozi ya binti ni nyepesi. Bwana harusi, kijana wa watu, alikuwa amekaa barazani hajui amtazame nani. Hakuna aliyelitaja piko, ilhali ushahidi ulikuwa umechorwa mikononi kwa ufundi mkubwa.

Nimekaa na jambo hili kwa muda, na leo naliandika kwa sababu naamini tunalidanganya taifa dogo hili kwa neno moja. Twasema "hina na piko" kama tusemavyo "chai na maziwa", na kwa kuunganisha hivyo tumekipa kitu kimoja heshima ya kingine.

Hina ni jani. Mhina unaota katika nyua zetu, majani yake hukaushwa, yakatwangwa, yakachungwa, yakakandwa kwa ndimu au maji ya chai na kuachwa yachachuke. Rangi yake huanza kwa manjano ya chungwa, na huhitaji siku moja au mbili kukolea hadi wekundu wa udongo. Hakuna jani la mhina, la Unguja wala la Sudani wala la Bara Hindi, linaloweza kuacha weusi wa makaa juu ya ngozi kwa muda wa saa moja. Anayekuahidi weusi huo anakuahidi kitu kingine.

Kitu hicho ni rangi ya nywele. Piko tunalolinunua kwenye vipakiti na vichupa ni rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya mvi, na kiini cha weusi katika rangi nyingi za namna hii ni kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ambayo wanamaabara wameifupisha kuwa PPD. Wakemia wa Ulaya waliijua tangu katikati ya karne ya 19, na kabla ya karne hiyo kumalizika ilikuwa imekwisha ingia katika biashara ya nywele, ambako ingali ikitawala hadi leo. Peke yake haina weusi. Inapokutana na hewa, au na ile dawa ya maji inayouzwa pamoja nayo, ndipo hubadilika, na ni katika safari hiyo ya kubadilika ndipo huleta balaa. Chembe zake ni ndogo mno, hupenya ngozi, hujishikiza kwenye protini za mwili, na walinzi wa mwili wakaiona protini hiyo kama mgeni. Mwili hujifunza sura ya mgeni huyo, na kwa kawaida hausahau tena.

Hapa ndipo pana uzito wa maneno yangu, nami naomba msomaji asiharakishe. Malengelenge hupona. Ya binti yule yalikauka kwa wiki tatu, yakaacha alama nyeupe zenye umbo la maua, ambazo naambiwa zitafifia kidogo kidogo. Kisichopona ni ule ujuzi wa mwili. Aliyekwisha kujengewa chuki na PPD ataishi nayo. Siku atakapofika umri wa miaka arubaini na tano, akaona mvi, akapaka rangi kichwani kama wanavyofanya mamilioni ya wanawake duniani, uso unaweza kumvimba hadi macho yafumbe. Baadhi ya dawa za ganzi za kupaka, baadhi ya rangi za nguo, mpira mweusi wa aina fulani, vyote vyaweza kumkumbusha mwili wake usiku ule wa kuchorwa. Mwaka 2006 chama cha madaktari wa mzio wa ngozi wa Marekani kiliitangaza PPD kuwa ndiyo kichochezi cha mzio cha mwaka huo. Si sifa ambayo kemikali huipata kwa bahati mbaya.

Wanawake wenzangu hunijibu kwa hoja moja ambayo mimi mwenyewe niliitumia kwa miaka mingi: "Mbona tumepakwa tangu utotoni hatukudhurika?" Nami nilipakwa. Niliolewa na piko hadi magotini, na picha zake ziko kwenye albamu. Binti yangu nilimchora mwenyewe, kwa njiti ya kiberiti, usiku wa kuamkia Idi alipokuwa na miaka saba, kisha nikampeleka Kariakoo kubembea pamoja na watoto wenzake waliochorwa vivyo hivyo. Hoja hiyo ina udhaifu mmoja mkubwa. Mzio huu haupatikani kwa kuzaliwa nao, hufundishwa. Mara ya kwanza mwili huenda usiseme lolote, au useme baada ya wiki nzima, wakati mchoro umekwisha anza kufutika na hakuna tena anayeunganisha muwasho na sherehe. Mara ya tano ukanyamaza. Mara ya sita ukalipuka ndani ya siku mbili. Kwa hiyo anayesema "nimepakwa mara nyingi" anahesabu masomo, wala hahesabu ushahidi wa usalama.

Tuna tabia ya ajabu kuhusu tatuu. Ile ya sindano twaihesabu haramu na ya wahuni, na mzazi wa Jang'ombe akiiona kwenye bega la mwanawe nyumba haitalalika. Lakini mtazame nani anayeichukulia kwa uzito zaidi kama bidhaa. Tangu tarehe 4 Januari 2022, nchi za Umoja wa Ulaya zimewekea mipaka au kupiga marufuku kemikali zaidi ya 4,000 katika wino wa tatuu, na mwaka mmoja baadaye wakaziongezea rangi mbili zilizokuwa zikitumika mno, moja ya buluu na nyingine ya kijani, licha ya makelele ya wachoraji wao. Hawakuuliza kama tatuu ni adabu njema. Waliuliza kilichomo ndani ya kichupa, na kinafanya nini kikikaa mwilini miaka thelathini. Swali hilo la pili ndilo sisi hatujajifunza kuliuliza, kwa kuwa tumemaliza nguvu zote kwenye la kwanza. Wino tunaoutumia sisi hauingii kwa sindano, kwa hiyo twaona si wino.

Na kuhusu PPD yenyewe wenzetu hawana mzaha. Huko Ulaya inaruhusiwa katika rangi za nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 inapofika kichwani, na haikubaliki kuwa wino wa kuchorea ngozi. Boksi la rangi ya nywele lililouzwa kwa mujibu wa sheria yao lazima liandikwe kuwa bidhaa hiyo si ya watu walio chini ya miaka 16, na limwonye mnunuzi kuwa tatuu ya muda ya "hina nyeusi" huzidisha hatari ya mzio. Fikiri juu ya hilo. Bibi wa Ujerumani anayepaka mvi zake chooni mwake anasoma onyo juu ya piko, wakati bibi harusi wa Unguja, ambaye piko ni lake, hajaliona onyo hilo maisha yake yote. Kwa upande wetu mchanganyiko hupimwa kwa jicho na uzoefu. Uchunguzi wa sampuli za hina nyeusi uliochapishwa na wataalamu wa ngozi nchi za nje umewahi kukuta PPD zaidi ya asilimia 15. Ni kiasi kisichoruhusiwa hata kwenye nywele, kikapakwa juu ya ngozi tupu, kikaachwa kikauke.

Natarajia wapo watakaosema nataka kuwatisha watalii. Visiwa hivi vilipokea wageni zaidi ya 600,000 mwaka 2023, na hakuna aliyetembea ufukwe wa Nungwi au Paje asiyewaona akina mama wenye mabuibui na daftari la mifano ya michoro, wakiwaita watoto wa Kizungu kwa Kiitaliano fasaha kuliko cha mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu. Mchoro hukauka ndani ya nusu saa, mgeni hulipa, hupanda ndege. Malengelenge humtokea akiwa kwao, wiki ya pili, na daktari wake huandika "hina nyeusi, Zanzibar" katika faili ambalo sisi hatutalisoma. Ndiyo, naona aibu kwa hilo. Lakini siandiki kwa ajili ya mgeni. Mgeni ana daktari wa ngozi, ana bima, na anachorwa mara moja katika maisha yake. Mtoto wa Jang'ombe anachorwa kila Idi, mara mbili kwa mwaka, na kila harusi ya ukoo.

Kama tunahitaji kuona mwisho wa njia hii, tusiende mbali. Sudani, ambao utamaduni wao wa hina ni ndugu wa damu wa utamaduni wetu, walikwisha pata somo kwa gharama kubwa. Huko PPD iliuzwa sokoni ikiwa vipande vigumu mithili ya jiwe, wanawake wakaisaga na kuichanganya na hina ili iwe nyeusi upesi. Tangu miaka ya 1980 madaktari wa Khartoum wameandika juu ya watu, watoto wakiwamo, walioletwa hospitalini shingo imevimba, pumzi inakatika, mkojo umekuwa mweusi na figo zinashindwa, baada ya kuimeza kwa bahati mbaya au kwa kukusudia kujiua. Jiwe lile lilikaa kwenye kabati la mapambo, karibu na udi na marashi. Wetu hukaa wapi? Katika nyumba nilizoingia mimi, piko hukaa kwenye sahani chini ya kitanda, limefunikwa kwa gazeti, mahali ambapo mtoto anayetambaa ndiye wa kwanza kufika.

Sasa nizungumze na wenye mamlaka, na nianze kwa kuwaondolea kisingizio. Afya si jambo la Muungano. Bara wana taratibu zao za vipodozi, ambazo mwaka 2019 zilihamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa kwenda Shirika la Viwango. Hapa kwetu tuna sheria yetu ya mwaka 2006, ambayo jina lake lenyewe limetaja chakula, dawa na vipodozi, na tuna Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar aliyezaliwa na sheria hiyo. Tuna Taasisi ya Viwango. Tuna maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Hatuwezi kumlaumu mtu wa Dodoma kwa kichupa kilichopita Malindi.

Wala siwezi kukubali kuwa hatuna uwezo. Visiwa hivi vilipiga marufuku mifuko ya plastiki zaidi ya miaka kumi kabla Bara hawajafanya hivyo Juni 2019. Msafiri alivuliwa mfuko wake bandarini, akapewa kikapu cha maneno. Mafuta ya kujichubua yenye zebaki nayo tumeyaona yakikamatwa na kuteketezwa mbele ya kamera. Serikali inayoweza kuukamata mfuko mwepesi kuliko unyoya inaweza kukikamata kichupa. Kinachokosekana ni kuliona piko kuwa jambo la dola. Na halionekani, kwa maoni yangu, kwa sababu ni jambo la chumbani: hufanywa na wanawake, kwa wanawake, usiku, milango imefungwa, na wanaume wanaotia saini waraka huliona siku ya harusi tu, likiwa zuri.

Kuna na tundu la kisheria ambalo si la Zanzibar peke yake. Kichupa hupita bandarini kikiwa rangi ya nywele, na kama rangi ya nywele huenda hakina kosa. Kosa huzaliwa baadaye, kwenye mkeka, njiti inapochovywa. Mkaguzi wa duka haoni mkeka, na mpambaji haoni mkaguzi. Kwa hiyo udhibiti utakaoishia kwenye leseni ya muagizaji utakuwa umedhibiti nusu isiyodhuru.

Hata hivyo naomba jambo moja lisifanyike: ile operesheni yetu ya kawaida, ya gari la manispaa kuteremka ufukweni na kuwanyang'anya akina mama vikapu vyao. Wachoraji hina ni miongoni mwa mafundi wetu wakongwe. Marehemu Bi Kidude, aliyetutoka Aprili 2013, ulimwengu ulimjua kwa sauti yake, lakini wanawake wa mji huu walimjua pia kwa unyago na kwa hina. Ni ufundi uliowasomesha watoto na kujenga vyumba vya matofali hapa Ng'ambo bila mkopo wa benki yoyote. Tena mchoraji ndiye anayeigusa PPD kila siku. Nilimwendea yule aliyemchora binti wa jirani yangu, si kwa ugomvi. Ncha za vidole vyake vitatu vya kulia zimepasuka na kukakamaa kama gome. "Baridi hiyo, mwanangu," aliniambia, "kila kipupwe hunijia." Tulikuwa mwezi wa Januari, jua la kaskazi likipasua kichwa. Hakuna aliyewahi kumwambia. Alinionyesha kichupa: Kiingereza upande mmoja, maandishi ya Kihindi upande mwingine. Yeye amesoma Qur'ani na Kiswahili. Alichohitaji kukijua kilikuwa mbele yake miaka yote, kwa lugha isiyo yake.

Kwa hiyo naanza madai yangu na lugha. Kichupa chochote cha rangi ya nywele kinachouzwa katika Jamhuri hii kiandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka bila miwani, kwamba ni cha nywele na si cha ngozi. Mchanganyiko uliokwisha tiwa kwenye koni na kuuzwa kama "hina nyeusi" upigwe marufuku moja kwa moja, maana huo hauwezi kujificha nyuma ya nywele. Mtoto asichorwe piko kwa malipo. Ulaya wamemkataza wa miaka kumi na tano hata kwenye nywele, sisi hatuwezi kuruhusu wa miaka saba kwenye ngozi. Wachoraji waitwe shehia kwa shehia, wafundishwe, waandikishwe, wapewe kitambulisho watakachojivunia mbele ya mgeni na mbele ya mama wa bibi harusi. Wengi watakubali kurudi kwenye hina halisi endapo wateja watajua kuwa wekundu unahitaji siku mbili za subira. Na Mnazi Mmoja, na vituo vyote vya afya, wawe na safu moja katika daftari la wagonjwa ya kuandika piko. Tatizo lisilohesabiwa halipati bajeti.

Masheikh wetu nao wana sehemu yao. Nimesikia hotuba nyingi kuhusu weusi wa nywele, kama wafaa au haufai kwa mwanamume na kwa mwanamke. Msingi wa kuondoa madhara, ambao ni nguzo katika fiqhi yetu, sijausikia ukielekezwa kwenye sahani ya piko hata mara moja. Khutba moja kabla ya Idi ingefika nyumba nyingi kuliko makala yangu yote.

Na ili nisituhumiwe kuwa naisafisha hina kupita kiasi: nayo isipakwe watoto wachanga. Wapo wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali isiyo ngeni katika nchi za malaria kama yetu, ambao hina safi kabisa inaweza kuzivunja chembe zao nyekundu za damu na kuwatia manjano. Bibi anayempaka mjukuu wa siku arubaini kwa mapenzi afadhali angoje.

Yule binti ameanza kazi za nyumba yake mpya. Huvaa glavu za pamba anapopokea wageni, kwa sababu wageni wa fungate huomba kwanza waone mikono. Juzi kulikuwa na harusi nyingine mtaani, na mpambaji ni yule yule.

Nilipita Darajani nikanunua vipakiti vitatu vya piko kutoka maduka matatu. Viko mezani kwangu chuoni, vimefungwa kwenye bahasha, kila kimoja na tarehe na jina la mtaa. Nipo tayari kuvikabidhi kwa maabara yoyote ya Serikali siku yoyote ya kazi, ili vipimwe na majibu yabandikwe ukutani. Risiti sina. Niliomba, muuzaji akacheka.